Makaa ya Juu

Jumatatu, 4 Juni 2001

Tabaka la chini la keki ya harusi limeiva. La kati limepasuka juu. Nitafunika kwa aisingi, hakuna atakayejua. Harusi nyingi za Nachingwea zimesimama kwa aisingi yangu.

Mke wa bwana fedha kaniuliza tena oveni yangu niliinunua wapi. Oveni! Nikampeleka uani nikamwonyesha. Jiko la mkaa, sufuria kubwa, mchanga wa mtoni uliochekechwa, vijiwe vya kukalishia sufuria ndogo, mfuniko wa bati na makaa juu yake. Akacheka, akadhani namtania. Keki inaiva kwa makaa ya juu. Ya chini ni ya kusindikiza tu. Wenzangu ofisini hawataki kuelewa hilo. Wanarundika moto chini, wanapata mkaa chini na uji juu, halafu wanasema mimi nina dawa.

Nyumba kimya. Baba Sefu alimchukua mtoto juzi, wakaenda Nkowe kwa bibi yake. Jandoni. Kwetu Lushoto mtoto anapelekwa hospitali asubuhi, mchana anakula nyumbani kwao. Lakini nimeolewa na Mmwera. Mtu mpole, mambo yote ananiachia mimi, hili tu ndilo aliloling'ang'ania. Alisema mwanawe hatakatwa kama mtu anayeng'olewa jino. Nimeshindwa. Bado nimekasirika.

Ofisini nimesema Sefu kaenda kumsalimu bibi yake. Mama Zuhura, jirani, nimemwambia hivyo hivyo. Sikutaka maswali. Sikutaka pia watu wajue kwamba mtoto wangu mimi, mpiga chapa wa wilaya, analala porini kwenye kibanda cha majani.

Jumanne, 5 Juni

Baba Sefu amerudi na masharti ya mama mkwe. Nisichane nywele. Nisigombane na mtu. Nilale peke yangu. Hilo rahisi, hatusemezani. Na moto wa nyumbani usivuke ua wetu mpaka mtoto arudi. Nisimpe mtu hata kaa moja.

Nywele nimechana. Mimi nakaa mbele ya watu kila siku.

Jioni Mama Zuhura kaja na kigae chake kama kawaida. Keki ikishaiva makaa ya juu huwa bado mekundu, na kuyamwagia maji ni dhambi kwa bei hii ya mkaa. Kwa hiyo anayachukua yeye, anabandikia maharage. Tumefanya hivyo tangu nihamie hapa. Nilisita kidogo. Kisha nikajiona mjinga. Nimempa.

Ijumaa, 8 Juni

Keki ya kumuaga bwana mifugo. Imeumuka vizuri, haikuegemea upande. Mama Zuhura amechukua makaa.

Nimesonga ugali mwingi mno tena. Mkono haujazoea.

Jumatano, 13 Juni

Shemeji Bakari amekuja kwa baiskeli kutoka Nkowe. Ni mdogo wake Baba Sefu, na mwaka huu ni mmoja wa wanaume wanaowalinda watoto kumbini. Alikuja na gunia la ufuta, lakini hakuulizia bei ya ufuta. Nikajua.

Kidonda cha Sefu hakiponi. Wenzake wameanza kuinuka na kucheza, yeye amelala tu. Hali chakula. Jua likishazama anatetemeka, na Juni hii baridi yake si ya mchezo kule. Kila mtoto ana kijimoto chake pembeni ya kitanda cha fito. Cha Sefu, Bakari anasema, kinazimika. Wanakiwasha, kinazimika.

Kisha akasema, akiangalia chini, "Shemeji, mama anauliza. Moto umetoka hapa?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka mno. Bakari akaangalia jiko langu, akaangalia njia ya kwenda kwa Mama Zuhura, akaomba maji ya kunywa.

Nataka kwenda Nkowe sasa hivi. Mwanamke hafiki kumbini. Mama mzazi ndiye kabisa. Nimepiga kelele, nimemtukana Baba Sefu, nimewatukana na wazee wake ambao sikuwahi kuwaona. Yeye amekwenda kuomba pikipiki ya ofisi.

Jioni Mama Zuhura kaja na kigae. Nikamwambia leo hakuna moto. Akauliza kulikoni, nami ikanitoka yote. Sefu hayuko kusalimia, Sefu yuko jandoni. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mama Zuhura ni Mmakua, kazaliwa hapa, wanawe wa kiume wote wamepita huko.

"Ungeniambia, mwenzangu," akasema. "Ningekula maharage mabichi."

Jumamosi, 16 Juni

Baba Sefu alikwenda na mganga wa zahanati. Mtoto kachomwa sindano, kasafishwa kidonda. Baba Sefu amerudi jana usiku mwekundu wa vumbi. Anasema tusubiri. Sina neno ninalolichukia zaidi.

Nimepika kwa sababu nisipopika nitaparua kuta. Keki ya ubatizo, iliagizwa zamani. Nimefunga mlango wa ua kwa kamba. Hakuna moto utakaotoka hapa, hata cheche.

Nilipofunua, keki mbichi juu. Chini imeiva vizuri, juu ute. Nikaangalia mfuniko. Makaa niliyoweka yalikuwa mengi, nina hakika, mimi siyo wa kupunja moto. Yamebaki machache pembeni. Katikati hakuna kitu. Wala majivu. Bati tupu.

Nimemwendea Mama Zuhura nikiwa na hasira. Kumbe yuko Mkotokuyana tangu jana kwa mdogo wake, Zuhura ndiye kaniambia. Nimerudi na aibu yangu.

Jumapili, 17 Juni

Nimepika tena, makusudi. Nikakaa kwenye kigoda, macho kwenye mfuniko. Mchana kweupe, jua kali, kamba imefungwa. Hakuna kilichotokea. Nikajicheka. Nikageuka kuchukua njiti ya chelewa kwenye ufagio, ili nichome keki nione kama imekauka. Ufagio uko nyuma yangu, nikinyoosha mkono naufikia. Nilipogeuka makaa ya katikati hayapo.

Hakuna sauti. Hakuna kaa lililoanguka chini. Koleo liko palepale nilipoliweka.

Kuku walikuwa wanadonoa kati ya jiko na mlango wa ua. Walipisha. Hawakukimbia kama wanavyomkimbia mwewe au mtoto mtundu. Walisogea tu, huku na huku, wakaacha njia, kama wanavyompisha mtu waliyemzoea. Kisha wakarudi kudonoa.

Kamba ya mlango imefungwa vilevile.

Naogopa. Naandika wazi, naogopa. Nilitoa moto kwa mkono wangu nikidhani ni upuuzi, sasa unatoka wenyewe siwezi kuuzuia. Kila kaa linalovuka ua huu linamla mwanangu. Sitawasha tena jiko hili.

Jumatatu, 18 Juni

Sijapika. Tumekula muhogo uliochemshwa kwa Mama Zuhura. Amerudi. Kaniletea mwenyewe, akaubandua jikoni kwake na kuuacha upoe kabisa ndipo akaubeba.

Jumanne, 19 Juni

Sijapika. Ofisini nimekosea barua moja mara nyingi mpaka bosi kaniambia nikapumzike.

Jumatano, 20 Juni

Bakari tena. Nilipomwona tu nikakaa chini.

Mtoto yu hai. Lakini tangu juzi amerudi kuwa vibaya, anatetemeka, kijimoto chake kinazimika. Nikamuuliza kurudi maana yake nini, alikuwa amepata nafuu lini? Akasitasita. Mambo ya kumbini hayasemwi mbele ya mwanamke, naye analijua hilo kuliko mimi. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini.

Jumamosi na Jumapili jioni kijimoto cha Sefu kiliwaka mpaka asubuhi bila mtu kukichochea. Mtoto aliacha kutetemeka. Aliomba uji. Asubuhi walipofukua majivu walikuta vipande vya mkaa. Mkaa wa gunia, mgumu, wa kununua.

"Sisi kule tunachoma kuni za kuokota tu, shemeji. Mkaa huo nani kauleta? Wazee wameulizana. Hakuna."

Jumatatu mkaa hakuna. Jana hakuna.

Nilisimama mimi. Nilisimamisha moto wake mimi.

Bakari alikuwa hajamaliza maji niliyompa. Nimewasha jiko mbele yake. Nimekoroga siagi na sukari bila kupima, nimevunja mayai na maganda yake. Nimepanga makaa juu mengi kuliko keki yoyote inavyoyahitaji. Kisha nikaingia ndani nikageukia ukuta, nikahesabu kimoyomoyo mpaka nikachoka kuhesabu.

Nilipotoka yalikuwa yamekwenda.

Alhamisi, 21 Juni

Sukari kidogo. Nikajiambia, kinachotakiwa ni moto, keki ya nini? Nimebandika sufuria tupu, mchanga, mfuniko, makaa juu. Nimejificha ndani. Nimengoja sana. Makaa yapo yote, yanafifia taratibu na kuvaa majivu.

Nikachanganya unga na siagi, nikatia mayai, nikaweka ndani. Harufu ya iliki ilipoanza kutoka tu, nikageuza kichwa. Yamekwenda.

Kwa hiyo ni lazima iwe keki. Sijui kwa nini. Sitauliza.

Ijumaa, 22 Juni

Nimepika. Yamekwenda. Keki mbichi juu, nimewapa kuku.

Baba Sefu kaniuliza keki hizi za nani. Nikasema za watu. Akaniuliza watu gani wanaokula keki mbichi.

Jumamosi, 23 Juni

Leo Baba Sefu amekaa na mimi. Alileta kigoda chake uani akaanza kutengeneza jembe. Nikapanga makaa juu ya mfuniko. Nikamwambia, "Nitazame mimi." Akanitazama. Sijui mara ya mwisho tulitazamana lini. Amechoka, ana mvi ambazo sikuzijua. Harufu ya iliki ikaja.

Tulipogeuka mfuniko ulikuwa mtupu.

Alilishika lile bati kwa mkono wazi, kama mtu anayejaribu joto la paji la uso. Ameungua vidole. Aliweka jembe chini akatoka, na magharibi amerudi na gunia zima la mkaa begani. Nimempaka asali vidoleni.

Jumapili, 24 Juni

Unga wa ngano umekwisha, na dukani hakuna mpaka lori lije. Nimetwanga korosho, nikachanganya na unga wa muhogo, nikatia mayai ya Mama Zuhura. Haikuumuka, imelala kama tofali. Lakini inanukia keki. Nilikuwa na wasiwasi kama itakubalika. Imekubalika.

Mama Zuhura ameninunia kidogo. Anasema jana alasiri nilimpita njia ya Ruangwa, ile ya kwenda Nkowe, nikampuuza, kanisalimia mimi sikuitikia. Nikamwambia jana alasiri sikutoka nje ya ua, muulize Baba Sefu. Akasema alinijua kwa mwendo. Nilikuwa naenda haraka, nimeinamisha kichwa, nimekinga kitu kwa mikono miwili dhidi ya upepo.

"Kilikuwa kinafuka moshi," akasema.

Kisha akaniangalia miguu. Mimi pia nikaiangalia. Miguu yangu, ndala zangu, hakuna cha ajabu. Akasema labda jua lilimpiga machoni. Amekwenda kwake bila kuniaga.

Nimekaa nikajishika mikono, nikajishika uso. Niko hapa. Nimekuwa hapa wakati wote.

Jumatatu, 25 Juni

Keki ya muhogo. Yamekwenda.

Ofisini wamegundua. Wanasema Mama Sefu kachanganyikiwa, anapika keki hazina wenyewe. Mke wa bwana fedha ameondoa oda yake. Aende na oda yake.

Jumanne, 26 Juni

Keki ya muhogo, ndizi mbivu badala ya sukari. Yamekwenda.

Nilitaka kuongea na hilo linalochukua makaa. Nilipogeuka nilisema kwa sauti, kwa Kisambaa, lugha ambayo sijaitumia tangu mama afe. Nilisema mfunike mtoto mgongo, analala akijifunua. Nikaona aibu, kama mtu aliyejisemesha mbele ya kioo.

Alhamisi, 28 Juni

Bakari! Amepiga kengele ya baiskeli tangu njia panda. Kidonda kimefunga. Sefu anakula, anacheza, anaimba vizuri kuliko wenzake, ameshapigwa fimbo kwa utundu. Nimecheka mpaka nimelia. Baba Sefu ameingia chumbani akafunga mlango, amekaa humo kitambo kirefu.

Nikamuuliza Bakari kuhusu mkaa. Akasema bado, kila asubuhi upo. Wazee wamekatazana kuufukua. Wanamwacha mtoto alale.

Nikamuuliza kama kuna aliyeona anayeuleta. Shemeji yangu, ambaye huwa hanyamazi, akaanza kukaza nati ya baiskeli ambayo haikulegea. Akasema wanaume hawamwoni.

Sikuuliza zaidi. Ningeweza. Sikutaka.

Nimepika na leo. Amepona, lakini baridi haijaisha.

Jumatano, 4 Julai

Lori limeleta unga. Napika kila siku nikitoka kazini, wala siogopi tena. Hilo ndilo linaloniogopesha kidogo. Naweka makaa juu maradufu, sehemu ya keki na sehemu ya kwenda. Siku hizi keki zinaiva sawasawa. Nimejua kipimo. Tumeuza mbili.

Nageuka kwa adabu, kama unavyogeuka mtu anapojifunga kanga. Kisha najisikia mwepesi, mtupu kidogo, mpaka jua linapozama. Halafu napata njaa kali.

Jumamosi, 14 Julai. Nkowe

Watoto wametoka leo.

Tumekuja juu ya magunia kwenye lori, keki nimeipakata njia nzima. Ngoma tangu alfajiri. Wametoka kwa msururu chini ya miavuli, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, nguo mpya, macho chini. Nilitafuta mwendo wa Sefu nikaukosa. Alinipita. Mwembamba, mrefu, sijui mtu anarefukaje akiwa amelala. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, sauti ikakatika.

Haitwi tena Sefu. Ni Abdala, jina la babu yake. Kulitaja la zamani ni kumtukana, faini yake ni kuku. Wanasema Sefu kafia porini, wanasema wakicheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo yalikaribia mno kuwa kweli. Na mimi tangu leo ni Mama Abdala, nimebadilishwa jina bila kuulizwa.

Alipoletwa kwangu akasema shikamoo kwa sauti ya mtu mzima mdogo. Nilimshika mkono. Wa moto. Nikauachia kabla sijafanya vituko mbele za watu.

Mama mkwe amekula keki, akaomba tena. Kiswahili chake ni cha shida, Baba Abdala alikuwa anamtafsiria Kimwera. Aliuliza inapikwaje bila kuungua chini. Nikamweleza mchanga, vijiwe, mfuniko, makaa ya juu. Alipotafsiriwa hilo la mwisho aliacha kutafuna. Akanishika goti.

"Pole na safari, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, mwenyewe.

Nikasema ahsante, lori lilikuwa zuri, halikuharibika njiani.

Akatikisa kichwa. "Sisemi hiyo."

Jumapili, 22 Julai

Nyumbani. Shule zimefunguliwa. Abdala amehamia chumba cha nje, siku hizi haingii jikoni wala hakai na wanawake, anakula na baba yake kibarazani. Wanaongea Kimwera. Nasikia wanacheka.

Mke wa bwana fedha amerudi na oda yake, kama vile hakuna kilichotokea. Alasiri nimebandika. Siku nyepesi, upepo kidogo, ufuta wa watu umeanikwa kila mahali. Nilipanga makaa, nikatia iliki, nikageuka kwa mazoea.

Abdala akapita uani akitoka kuoga. Akasimama mbali kidogo, karibu na kamba ya nguo, kama kijana anavyotakiwa. Nikaona anataka kusema kitu. Mambo ya kule hayasemwi, nami sikumchokoza. Nilichukua kitambaa nikafuta bakuli ambalo lilikuwa kavu.

"Mama," akasema. "Kule mbona ulikuwa hukai? Unaweka moto, unanifunika mgongo, unaondoka. Nilikuwa nakuita."

Mikono yangu ilisimama. Yeye hakuwa na hofu yoyote usoni. Alikuwa na kinyongo kidogo tu, cha mtoto aliyeachwa peke yake.

Nikamwambia, "Nilikuwa nimeacha keki jikoni."

Alifikiri. Akaona ni sababu ya kutosha. Akasema haya, akavaa shati lake huku anatembea, akatoka kwenda kwa wenzake. Kuku wakampisha mlangoni.

Nilikaa. Sijui nilikaa kiasi gani. Nilishtuka kwa harufu. Makaa yalikuwepo yote juu ya mfuniko, yale ya keki na yale ya kwenda, mekundu, hakuna lililoguswa. Nimeyatazama mpaka nikaamini.

Keki imeungua juu. Nimeikwangua kwa kisu, nikaikata, tumeila na chai.